Feni Kumi na Moja za Abdilatif

Abdilatif, mwenye bucha pale Kianjokoma, alipata ujumbe kutoka namba asiyoijua siku ya Alhamisi akiwa na shoka mkono mmoja na simu mkono wa pili: "Fans zako kumi na moja kutoka Muthara zitafika Jumamosi saa nne. Tayarisha nafasi."

Akausoma mara tatu. Feni! Kumi na moja! Na yeye hakuwa ameagiza hata moja. Kisha uso ukamchanua. Ni nani mwingine kama si Nadhira, bintiye anayesoma Embu mjini, ambaye kila akija nyumbani huwalalamikia nzi wa bucha? Mtoto kamnunulia babake feni! Akaona asimpigie simu, asije akamharibia raha ya kumshtukiza mzazi.

Ijumaa baada ya sala akamleta fundi Mutegi. Mutegi akaitazama dari, kisha akautazama ukungu uliokuwa ukiingia mlangoni kutoka mlimani.

"Mzee, hapa kwetu hata nzi wanavaa sweta. Feni kumi na moja za nini?"

"Wewe toboa."

"Zikizunguka zote, huyo ng'ombe ataruka na ndoano yake."

"Toboa, Mutegi!"

Jioni dari ilikuwa na matundu kumi na moja, na Abdilatif alikuwa na shingo inayouma kwa kuyatazama.

Jumamosi, saa nne kamili, gari la kukodi likasimama nje. Wakashuka wanawake kumi na mmoja wenye fulana nyekundu, vigelegele juu kwa juu. Abdilatif akawaitikia salamu mbio mbio, akazunguka nyuma ya gari, akachungulia.

"Karibuni, mama zangu. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo gani?" akauliza kiongozi wao, mwalimu mstaafu aitwaye Karambu.

"Feni. Niliambiwa zinakuja kumi na moja."

Karambu akawatazama wenzake, akaitazama dari, na kicheko kikamvunja mpaka akaegemea mlango. "Ni sisi, Mzee! Sisi ndio hizo fans!"

"Nyinyi?"

"Fan ni shabiki. Waingereza walilikata kutoka neno lao refu, fanatiki, yaani mtu aliyepagawa na kitu. Mume wangu anasema mimi nimepagawa tangu Februari."

"Umepagawa na nini?"

"Na wewe!"

Abdilatif akageuka kuona kama kuna mtu nyuma yake. Alikuwapo Nadhira, ndiyo kwanza ateremke kwenye bodaboda, mkono mdomoni.

"Baba, zile video! Ukiwa unakata nyama ukiisifu kwa wateja. Si nilikuambia nakurusha mtandaoni, ukasema rusha?"

"Nilidhani mtandao ni wewe na shangazi zako!"

"Ni watu elfu arobaini, Baba."

Akaingia nyuma ya meza yake, akashika kisu, akakiweka, akakishika tena. Wanawake wakajipanga mbele yake, simu zimeinuliwa. Abdilatif, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akaanza kuifuta meza iliyokuwa safi.

Hapo akaingia Marcella wa duka la mbolea, asiyejua lolote. "Baba Nadhira, nipimie nusu kilo ya mchuzi."

Mkono ukalifuata paja la ng'ombe kwenye ndoano bila kuombwa. "Marcella, unaliona hili? Huyu alikuwa fahali wa heshima. Alipanda kilima cha Manyatta bila kupumzika, na akikutana na jike aliinamisha kichwa. Hii si nyama ya kuchemshia shida zako! Hii ukiipika, majirani watarudisha hata sufuria walizokuibia!"

Bucha ikalipuka. Mmoja alilia. Mwingine alimkumbatia Marcella, ambaye hakujua kosa lake wala sifa yake. Karambu akapiga meza akipaza sauti, "Tena! Sema ini! Sema ini!"

Akasema ini. Akasema mbavu, akasema utumbo, akasema mkia kwa urefu wake. Kufikia adhuhuri sauti ilikuwa imekauka, na Nadhira akamletea maji. Baba akayanywa huku akiwachungulia wageni wake juu ya ukingo wa kikombe.

"Nadhira," akanong'ona, "hizi fans zinakula nini?"

"Nyama, Baba."

"Basi washa jiko. Washa yote mawili."