Ngozi ya Fimbo ya Thuwein

Kazija hakulia siku aliyonyimwa ruhusa. Mamake alikuwa mahututi Kojani, mashua ya kumvusha inamngoja, lakini mumewe Thuwein akasema wageni wake wa mchezo wa biliadi wanakuja, nani atawapikia? Mama akazikwa huku Kazija yuko jikoni anapalia makaa. Tangu hapo aliomba talaka, na kila alipoomba Thuwein alicheka.

"Utakaa humu mpaka uote mvi."

Akakaa. Ila macho yake hayakumwacha tena yule mwanamume.

Thuwein alikuwa na mashamba ya mikarafuu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye meza ya biliadi ya klabu moja pale Chake Chake. Fimbo yake hakuiacha klabuni. Aliilaza nyumbani juu ya kabati, na kuitunza ilikuwa kazi ya mke. Jioni hujizoeza kwa machungwa juu ya meza ya chakula, Kazija amesimama kando kamshikia chaki, anasomeshwa atake asitake.

"Unaiona ngozi hii nchani? Iwe mviringo, ikwaruzwe kwa msasa, ipate kushika chaki. Ukiupiga mpira katikati, hata ngozi mbovu itakwenda. Lakini ukiupiga chini au ubavuni, ili uzunguke ukurudie, ngozi laini huteleza. Na mkono ukiwa na pupa, ndiyo kabisa. Mpira unaruka nje, faulo hiyo."

"Na weye huupiga wapi?"

"Katikati wanapiga wachukuzi."

Kazija akalifunga neno hilo kama kitu cha kufungwa kwenye pindo la kanga.

Siku chache kabla ya Iddi, wanaume walikaa barazani wanakunywa kahawa. Abrahman wa Kengeja, mchezaji asiye na madoido, akamchokoza mwenyeji.

"Yakhe, Iddi pili jitayarishe. Nakuja kukulaza."

Thuwein alikuwa mtu wa kuapia talaka kama wengine wanavyosema wallahi. "Unilaze miye? Nikishindwa nawe siku hiyo, Kazija kaachika, talaka tatu."

Shehe Mmanga akaweka kikombe chini. "Nimekusikia, Thuwein. Hilo si neno la kuchezea."

"Sishindwi, shehe. Kunywa kahawa."

Nyuma ya mlango Kazija, sinia mkononi, alisikia kila neno.

Asubuhi ya Iddi pili, Thuwein alipotoka kwenda kuamkia wazee, Kazija aliteremsha fimbo. Akachukua gamba la kauri analolainishia mishono ya kofia, akaisugua ile ngozi, akaisugua, mpaka ikawa ngumu na kung'aa kama kioo. Kisha akaipaka unga wa chaki juu juu, ionekane ile ile. Akimwiga mchukuzi, akapiga katikati, atashinda, aliwaza, nami nitaozea humu. Akairudisha mahali pake.

Baada ya alasiri alikwenda kwa Bi Moza, jirani ambaye dirisha lake la ghorofani liliangalia ndani ya klabu.

"Leo na weye umekuja kumtazama bwanako?" Bi Moza akamtania. "Mapenzi hayo."

"Mapenzi, Bi Moza."

Mchezo na Abrahman ulipopamba moto, Thuwein aliupiga mpira mweupe ubavuni, fimbo ikateleza kwa mlio mkavu, watu wakacheka. Akailaumu chaki, akaipaka tena kwa nguvu, na mipira iliyofuata akaipiga katikati. Kazija akausogelea zaidi ukingo wa dirisha. Mume akatangulia kwa pointi nne, ukabaki mpira mweusi peke yake mezani. Faulo hapo ni pointi saba kwa mwenzako, na mchezo umekwisha.

Mweusi ulikaa mdomoni mwa mfuko. Mtoto angeutia.

"Utie tu, twende tukale," Abrahman akasema. "Au unaogopa kuuzungusha mweupe?"

Thuwein akatabasamu. Kazija alilijua tabasamu lile. Ndilo alilopewa alipoomba kwenda kwa mamake. Mume akainama, akaishusha ncha chini kabisa ya mpira mweupe, mkono ukachomoka kwa pupa.

Mlio mkavu. Mpira mweupe ukaruka ukingo, ukabingirika sakafuni mpaka kwenye makubadhi ya Shehe Mmanga.

Hakuna aliyecheka. Shehe akauokota. "Uliapa mbele yangu, Thuwein."

"Mzaha ule, shehe."

"Mbele yangu na mbele ya hawa wote. Si mkeo tena."

Thuwein alipofika nyumbani, Kazija alikuwa kizingitini na bunda lake, kakake Hija, aliyetumiwa salamu tangu asubuhi, kaja kumchukua. Fimbo ilimning'inia mwanamume mkononi kama kitu kilichokufa.

"Umekwishasikia?" akauliza.

"Nimeona." Kazija akampita, kisha akageuka. "Msasa uko juu ya kabati. Ngozi yako inataka kukwaruzwa, imekuwa laini mno."

Thuwein akaitazama ncha, akaigusa kwa kidole. Kidole kikateleza.

"Kazija," akaita.

Alikuwa amekwishafika njiani. Kauri ilikuwa ndani ya bunda, na mashua ya Kojani ilikuwa inangoja.