Matanga ya Wubalem

Haya niliyapata kwa Sosena, mpwa wake Wubalem, juma lililofuata Pasaka, tukiwa uani kwangu tunakata vikonyo vya pilipili. Mimi siku ya jambo lenyewe nilikuwa Kombolcha kwa binti yangu, sikuona kitu. Sosena anakaa nao nyumba moja. Yeye aliona.

Sisay ni mwana wa pekee wa Wubalem, mwalimu hapa hapa Dessie. Aliandika kitabu cha mwaka wa njaa: mama anambeba mtoto mgongoni mpaka kambini, mtoto anapona, mama anakufa mlangoni pa kambi. Kweli yenyewe ni kwamba Wubalem alimbeba Sisay hivyo hivyo, ila yeye hakufa. Alirudi, akakaanga shayiri na kuuza mpaka mtoto akamaliza chuo.

Kitabu kikafasiriwa, kikachapwa London. Huko kuna mwanamke anaitwa Harriet, kazi yake kukitangaza kitabu. Anawaandikia watu wa magazeti, anawabembeleza mpaka wakitaje. Yeye na Sisay wakawa wanaandikiana kwa simu, na kila barua ikija Sisay anaisoma kwa sauti, kwa lugha yetu, ili mama yake ajue mwanawe anazungumza na watu gani.

Siku moja Harriet aliandika: "Gazeti kubwa linataka kukupa ukurasa mzima. Wanauliza, yule mama wa kitabuni ndiye mama yako? Naye alikufa?"

"Mwambie nipo," alisema Wubalem. "Mwambie na magoti yananiuma."

Sisay akaandika hivyo. Kukawa kimya siku nyingi, kisha jibu likaja. Alilisoma kimoyomoyo.

"Anasemaje?" aliuliza mama yake.

"Anasema amefurahi kusikia uko hai."

"Mungu ambariki."

"Na ule ukurasa wamempa mtu mwingine."

Kesho yake Sisay alitoka nje na simu, akaandika akiwa amesimama. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake.

"Mama, nimekuua."

"Umeniua? Kwa nini tena?"

"Kwa maandishi tu. Nimemwambia nilimficha ugonjwa wako kwa sababu ya uchungu, na kwamba umefariki juma hili, kabla hujakishika kitabu."

Wubalem naye akacheka. "Niliugua nini?"

"Kifua."

"Kifua ndicho kilichomchukua mama yangu. Umechagua vizuri."

Jibu la Harriet lilifika kabla kahawa haijaiva. "Sisay mpendwa, nimelia. Pole sana, pole sana. Ukurasa umerudi." Na baada ya hapo barua zikawa hazikatiki, kila moja na pole yake na habari yake njema. Mwishowe: "Nimesoma kwamba kwenu mnamkumbuka maiti siku ya arobaini. Nitakuja na mpiga picha. Hatutawasumbua. Tutakaa pembeni tu na kulia pamoja nanyi."

Hapo kicheko kikaisha. Sisay alikwenda kwa Mzee Gebru, mkuu wa edir yetu, chama cha mazishi cha mtaa. Edir ndiyo yenye hema, mabenchi, masufuria na watu wa kulia. Akaomba hema la siku moja.

"Nani amekufa?" aliuliza Mzee Gebru.

"Mama."

"Nimemwona asubuhi anagombana na mwuza vitunguu."

Sisay akaeleza. Mzee hakucheka. Alimwita Wubalem, akamwambia mbele ya mwanawe, "Hema la edir si turubai la arusi. Likisimama kwa jina la mtu, limesimama. Halisimami mara ya pili. Umetoa mchango wako tangu mumeo yuko hai. Unataka kuutumia leo, kwa mchezo?"

Sosena anasema Wubalem alimtazama mwanawe. Alikuwa hana nyumba yake, hana shamba, na wajukuu hakuwa amepata. Hema lile ndilo pekee alilokuwa nalo mbele yake, kwamba siku yake ikifika mtaa mzima utakaa chini na kumlilia. Alitaka Sisay aseme neno.

"Mama," alisema Sisay, "mimi nikiwa mtu mkubwa, utaliliwa na redio. Hema la kazi gani?"

"Simamisheni," alisema Wubalem.

Siku ilipofika watu walikuja na shuka zao nyeupe kama kawaida, maana injera na mchuzi vilikuwapo. Lakini Wubalem akae wapi? Sisay alimvika kitambaa cha jikoni, akamketisha karibu na mlango achome kahawa.

Harriet aliingia amevaa nyeusi. Ndipo akasimama Zenebu, mwimbaji wetu wa misibani, yule ambaye alipofiwa na mume, Wubalem alimlilia mpaka sauti ikakatika. Zenebu alijipiga kifua, akaanza:

"Ole wetu, Wubalem ametutoka!
Nusu ya shayiri yake ilikuwa mchanga!
Nani sasa atatuomba sufuria
asiirudishe mpaka ishike kutu?"

Watu wakazika nyuso ndani ya shuka. Mabega yakawa yanaruka.

"Ole wetu, kamzaa mwana mmoja,
naye kamuuza kabla hajapoa!"

Mabega yakaruka zaidi, wengine wakaangukiana. Harriet alipowaona wanavyotetemeka hakuweza kujizuia, akalia kwa sauti, machozi ya kweli. Mpiga picha akawa anapiga tu. Sosena anasema katika hema zima waliolia walikuwa wawili, yule mzungu na mwenye kuchoma kahawa, na huyu wa pili kila mtu alidhani ni moshi.

Harriet akapokea kikombe, akamshika Wubalem mkono, akamwuliza Sisay, "Huyu mama mwema ni nani?"

"Mtumishi wetu," alisema Sisay.

"Alimpenda sana marehemu, naona."

"Walizoeana," alisema Sisay.

Wageni wakaenda zao, hema likakunjwa. Zenebu alipopita mlangoni alisema, "Usininunie, bibi wee. Maiti hanuni."

Mwezi ulipoandama alipeleka mchango wake kwenye mkutano wa edir. Mzee Gebru aliusukuma mkono wake nyuma, polepole.

"Wewe tumekwisha kukulilia, Wubalem."

"Mzee wangu, ule si ulikuwa mchezo?"

"Nilikwambia. Watu walikaa chini, wakala, wakainuka. Leo nikikusimamishia hema la pili, kesho kila mwenye mwana London atataka la picha na la maiti."

"Na nikifa?"

"Sisay atakukodia watu."

Alirudi nyumbani akamkuta Sisay anafunga sanduku. Harriet alikuwa amempatia mwaliko wa kukaa huko kuandika kitabu cha pili, na basi la Addis lilikuwa la alfajiri. Wubalem alimweleza ya edir. Sisay aliendelea kukunja shati.

"Nitamwandikia Mzee nikifika," alisema. "Sikiliza, Harriet ameleta barua." Akasoma: "Picha iliyowagusa wasomaji kuliko zote ni ya yule mtumishi na kahawa. Ana huzuni ya ajabu usoni. Chini yake gazeti limeandika kwamba jina lake halikujulikana. Mpe salamu zangu."

"Zimefika," alisema Wubalem. Akamkunjia yale mashati yaliyobaki, maana Sisay hajui kukunja.

Sisay alilala mapema kwa sababu ya safari. Wubalem na Sosena wanalala chumba cha nyuma, kitanda kwa kitanda. Taa ilipozimwa Wubalem akasema, "Sosena, wewe utanililia?"

"Nitakulilia, mama mdogo."

"Peke yako? Watu watadhani unaumwa jino."

Akageukia ukutani, na baada ya kitambo akaanza kukoroma.