Ndago Kati ya Vitofali

...na hii nayo, ukiivuta inakatika juu tu, kiazi kinabaki chini kinakucheka, ndago ni ndago, kwa hiyo Segametsi akazamisha ncha ya kisu cha jikoni kati ya vitofali viwili na kuchokonoa kwa nguvu, magoti yakimuuma, gauni jeusi la ujane likifagia vumbi, Jumamosi mwaka wa gauni hili unakwisha, ukoo mzima utakuja kumvua, na wifi yake Gabaone, dada wa marehemu Kebonang, amekuja mapema kusaidia, yaani kukaa barazani na kikombe cha chai na kunyoosha kidole, "Pale karibu na bomba, wifi, usiniaibishe mbele ya wajomba," nimwaibishe yeye, uani kwangu, na nani alimtuma Kebonang kupanga vitofali juu ya udongo mtupu, bila mchanga, bila kushindilia, mbio mbio kwa kuwa jirani kaweka, ua ambao mama yake mzazi alikuwa akiusiriba kwa udongo na samadi ukapendeza, akaambiwa shindilia kwanza, akasema mimi si mtoto, haya, si mtoto, kalala zake makaburini na magugu kamwachia mke, Mungu amrehemu lakini alikuwa mkaidi, mvua moja tu ya juzi na kila ufa umeota...

"Maji ya moto je?" Gabaone aliuliza.

"Birika liko jikoni, linachemka."

...mvua ya juzi, hiyo ndiyo inayomchoma, maana ikinyesha hivi Molepolole nzima inahamia mashambani, na shamba lake la mtama na matikiti liko kule limelowa, msimu uliopita hakulitia mguu, mjane ana moto, walimwambia, akikanyaga shamba mazao yananyauka, akipita zizini ng'ombe wanatupa mimba, na Gabaone akamshika mkono kwa upole, usijali wifi, nitakulimia, akalima kweli, akavuna kweli, magunia yakaenda kwake, mwenye shamba akaletewa debe la mtama na akatakiwa ashukuru, akashukuru...

"Nimekuwa nikifikiri, wifi," Gabaone alisema akipuliza chai. "Hata ukivua Jumamosi, moto hautoki siku moja. Msimu huu pia nikulimie. Usije ukaunguza shamba bure."

...chokonoa, ng'oa, tupa ndooni, msimu huu pia, halafu ujao, hadi watu wasahau shamba lilikuwa la nani, na mkono wake ukashika ndago nyingine, nene, imenawiri, imetokea kwenye ufa wa mlangoni kabisa, pale anapokanyaga asubuhi na jioni, mwaka mzima, kwa miguu hii hii ya mjane... hebu kwanza. Akatazama njia yote hadi getini, anayeishi hapa ni yeye peke yake, ni nyayo zake tu, na kote kijani, kijani tele, amezimwagia maji ya moto, chumvi, siki, amezitukana, zimeota, moto gani basi huu unaoshindwa hata na ndago, na hasira ikampanda hadi masikioni, wala si ya Gabaone, Gabaone ana tamaa yake na tamaa inaeleweka, ni kwamba yeye mwenyewe aliamini, mtu mzima mwenye akili zake, jirani alimwomba amwagilie mchicha akakataa, barabarani anapita kando kando kama mwizi, na binti yake alipomleta mjukuu, mtoto wa kwanza, akamwambia simama hapo hapo getini mwanangu, akamtazama kwa mbali, mikono ameificha mgongoni asije akamdhuru, sasa mtoto anatambaa na bibi yake hajui hata uzito wake, pumbavu, pumbavu mimi, hajui hata uzito wake... basi, Jumapili atakwenda kumbeba, ambebe mpaka alie, na Jumatatu shambani, kwa jembe, kwa punda, kwa kucha, na hatamwomba mtu ruhusa.

"Unanisikia lakini?"

"Nakusikia, wifi."

"Na pale pembeni umepaacha."

"Nimepaona," Segametsi alisema, akahamisha magoti.