Ameshika

Mama Vifungo, jirani yetu mshonaji, anasimulia hadi leo kwamba mchana ule nilinaswa na umeme. Anasema alimsikia baba akipiga kelele, "Ameshika! Mwanangu ameshika!" naye akaiacha cherehani na nguo ya mteja mdomoni, akachomoka na mwiko wa mbao kuja kunibandua kwenye waya. Anasimulia vizuri, simnyimi haki yake. Kila mwaka mwiko unarefuka.

Waya nilikuwa nimeushika kweli. Ila haukuwa na umeme wa kumnasa mtu.

Siku hiyo alikuja Tarumbeta, rafiki wa baba tangu ujana wao kwenye bendi, na laptopu ya mjukuu wake kwapani. Wimbo wao mmoja uliosalia kwenye kaseti, mjukuu alikuwa ameuhamishia humo. Baba alivaa shati la mikono mirefu kuupokea. Tuliiweka laptopu juu ya kigoda. Tarumbeta likalia, waimbaji wakaingia, ngoma zikafuata. Baba akainama mpaka sikio likagusa kioo.

"Besi iko wapi?"

"Si hiyo?"

"Hiyo ngoma. Besi iko wapi?"

"Mzee mwenzangu, masikio yamestaafu, wewe unayang'ang'aniza kazini. Mbona tarumbeta unalisikia?"

"Tarumbeta lako hata marehemu wanalisikia."

Wakacheka. Kisha baba akaacha kucheka. "Wamenitoa," alisema, akaanza kukunja mikono ya shati.

Baba ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la besi. Kwenye picha ya bendi ni yule wa pembeni aliyekatwa nusu, na gitaa lenyewe lilishakufa siku nyingi. Palibaki wimbo ule tu wa kusema kwamba naye alikuwepo. Utotoni aliniambia besi haina mashabiki, lakini ikinyamaza wote wanapotea njia. Ndiyo maana kwenye bendi yao hawakusema mtu amepiga vizuri. Walisema ameshika. Neno hilo baba hakuligawa ovyo. Mimi niliyeishia darasa la saba, nikalea wadogo zangu na kuisimamisha nyumba baada ya mama kufariki, nilikuwa nimevuna kwake "haya" nyingi sana. Ameshika, hapana.

Niliweka kiganja juu ya laptopu. Vispika vyake vilikuwa kama vifungo vya koti. Nikawaza, mdomo mdogo hivi utatamkaje sauti nene? Besi imo. Kinachokosekana ni mdomo.

Kwenye kona ilikaa risiva ya stirio ya baba, nzito kama jiwe la kusagia, imefunikwa kitambaa. Spika zake panya walishazimaliza, lakini hedifoni kubwa zilikuwa bado zinaning'inia msumarini, na pini yake nene kama penseli. Zamani baba akiunganisha mitambo yake, mimi nilikuwa mshika tochi. Hakunifundisha. Nilitazama.

Nikatoa kwenye droo waya wake wa zamani, huku pini moja nyembamba, kule vichwa viwili, chekundu na cheupe. Pini nikaichomeka kwenye tundu la hedifoni la laptopu. Nyuma ya risiva matundu yalikuwa jozi kwa jozi, kila jozi na jina lake. Nikasoma herufi moja moja: PHONO. Foni. Na simu na laptopu si mtu na binamu yake? Nikachomeka vichwa viwili, pini nene ya hedifoni nikaichomeka mbele ya risiva, nikazivaa, nikawasha. Ulitoka mngurumo hata nikazivua kwa mikono miwili.

"Imekufa?" baba aliuliza.

"Imekohoa."

Tarumbeta alichungulia nyuma, akajipiga paja. "Bibie, hapo pa kuchezea santuri, si pa kupigia simu!"

Nilicheka nami. Nikavihamishia vichwa palipoandikwa AUX, na mbele nikazungusha kitufe mpaka kikasimama kwenye herufi zile zile. Sauti ya risiva nikaishusha yote, nikaurudisha wimbo mwanzo, kisha nikaanza kuipandisha taratibu, kama unayemwamsha mgonjwa.

Besi iliingia kama mtu mzito anayekaa kwenye benchi ulilokalia wewe: hukumwona akija, ila umeinuliwa. Nikazivua hedifoni. Nikamvalisha baba.

Aliinamisha kichwa. Kisha vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kubana hewa, kimoja baada ya kingine, wala havikukosea njia. Aliukunjua mkono mmoja wa shati. Halafu akamwinamia Tarumbeta, akaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayetoa siri ambayo mimi sikupaswa kuisikia. Wimbo ulikuwa umemjaa kichwa kizima. Alidhani ananong'ona.

"HUYU AMESHIKA! MWANANGU AMESHIKA!"

Vifaranga uani walitawanyika. Mlango ukafunguka, mwiko ukatangulia, Mama Vifungo akafuata. "Kashika wapi? Zimeni umeme! Msimguse!" Tarumbeta alicheka mpaka akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, waya mkononi, shingo imenyooka kama niliyebeba mtungi. Nikapiga magoti mbele ya baba.

"Baba," nilimwambia, "hebu sema tena."

Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio, na vidole vyake vilikuwa na kazi.