Sakafu ya Machibya

Machibya alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, na kufikia Jumatano watatu walikuwa wamekauka. Hakuna aliyekonda, hakuna aliyekohoa. Walikula majani na pumba, wakacheua, wakalala vizuri. Asubuhi ukishika kiwele, kimenywea kama soksi.

Aliyebaki ni Limi, na Limi ndiye aliyekuwa na ndama, jike la siku kumi na mbili lenye baka jeupe kwenye paji. Hao wawili ndio walikuwa wa mwisho katika uzao wa ng'ombe aliyeletwa kuwa mahari ya shangazi yake, Kashindye, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Watatu wale wengine Machibya aliwanunua tu mnadani. Kwa Limi, mbegu ya kisasa iliingia mara mbili tatu, rangi ikabadilika, pembe zikapungua, lakini upande wa mama ukoo ulikuwa ule ule. Ndama yule akifa, na Limi alivyokwisha kuzeeka, basi imekwisha.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake. Jina lake Jonathan, kijana mwenye maneno mengi. Akapima joto, akaminya kiwele, akanusa hata kinyesi.

"Mzee Machibya, hawa hawaumwi. Kuna mtu anakukamulia."

"Mlango nafunga kwa kufuli. Ufunguo nalala nao shingoni."

"Basi labda nyoka. Watu husema kuna nyoka wanaonyonya ng'ombe."

"Umekaa chuoni miaka miwili, unakuja kuniambia habari za nyoka? Huyo nyoka anakunywa ndoo nzima anakwenda kujisaidia wapi?"

Jonathan akacheka, akafunga mkoba wake. Kabla ya kuondoka alisifu banda, kama kila mtu aliyefika pale. Mabati mapya, hori la kulishia, na sakafu ya zege iliyolala mteremko ili mkojo utiririke nje. Machibya alilimaliza mwezi wa sita. Watu walitoka Kisesa kuja kulitazama. Alilijenga ndani ya zizi la zamani la babu yake, Ngosha, upande wa kushoto ukiingia, kwa sababu upande wa kulia ndipo Ngosha mwenyewe alipozikwa, ndani ya zizi, amefungwa kwenye ngozi ya dume, kama walivyozikwa zamani wenye miji, yaani wakuu wa kaya. Baba yake Machibya, Nathaniel, alimwelekeza kwa maneno tu kabla hajafa: babu yako yuko mkono wa kulia wa lango, usije ukachimba. Machibya hakuchimba. Upande ule aliacha nyasi ziote.

Alhamisi kulipopambazuka akaingia bandani na ndoo. Chini kule, kati ya mawe makubwa, ziwa lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Limi alikuwa amesimama, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Machibya akashusha pumzi. Akaosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, akakaa kwenye kigoda, akashika.

Halikutoka tone.

Limi akageuza kichwa kutazama kona ya banda. Wale watatu wengine nao wakageuka, kwa pamoja, wakatazama pale pale. Halafu Limi akaanza kucheua polepole, macho nusu yamefumba, kama ng'ombe anayekamuliwa na mtu anayempenda. Na kiwele kikaanza kushuka. Machibya alikishika kwa mikono yote miwili na kilikuwa kinapungua ndani ya viganja vyake, kinalegea, kinapoa. Sakafu ilikuwa kavu.

Kisha akasikia. Mtu aliyekamua tangu ana miaka saba anaijua sauti ile kuliko sauti ya mkewe. Maziwa yakiingia kwenye ndoo ya bati hulia. Haya hayakulia. Yalivuma, mshindo mzito wa maziwa yanayoingia kwenye kibuyu. Yalitoka chini ya zege.

Akamwita mkewe. Paskazia alikuja akijifunga kanga, na mdomo tayari.

"Umemwaga tena?"

"Weka sikio hapo chini."

"Baba Winnie, sijanywa hata chai, unataka nilale kwenye mavi ya ng'ombe?"

Hata hivyo akapiga magoti, akaweka sikio. Akakaa hivyo muda. Alipoinuka, shavu moja lilikuwa na vumbi la saruji naye hakulipangusa.

"Toka nje," akasema.

"Umesikia?"

"Nimesema toka nje. Nenda Usagara ukamlete shangazi yako. Leo."

Ndama alikuwa hajanyonya tangu jana. Walimletea maziwa ya jirani kwenye chupa, akayatema. Jioni ile hakuweza kusimama.

Kashindye alifika Ijumaa kabla ya saa sita, nyuma ya pikipiki, amejifunika blanketi na jua lote lile. Alikuwa amepita miaka themanini, jicho moja limeingia ukungu.

"Shikamoo, shangazi," Paskazia akasema, akipiga goti.

"Marahaba. Umenenepa. Nipe soda, na isiwe ya baridi." Akanywa nusu akiwa amesimama, macho yake yakizunguka uani. "Lango liko wapi?"

"Hili hapa uliloingilia," Machibya akajibu.

"Hili si lango."

"Shangazi, limekuwa hapa tangu nazaliwa."

"Na wewe umezaliwa lini? Juzi! Mimi niliolewa kutoka mji huu. Nilitoka na ziwa likiwa mbele yangu. Ng'ombe wangu wa mahari waliingia hivyo hivyo, wakitokea majini, miguu imelowa. Lango lilitazama ziwa."

Hapo ndipo Machibya alipoelewa. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji walihamishwa wote, na mji ukabaki magofu. Baba yake aliporudi baada ya miaka, barabara ilikuwa imepita upande wa pili, naye akajenga upya boma lile lile na lango akaligeuzia barabarani.

Kashindye akazunguka kwa fimbo yake mpaka upande wa ziwa, akasimama penye boma, akageuka kama anayeingia. Akanyoosha mkono wa kulia. Akaufuata mkono wake, hatua kwa hatua, mpaka bandani, na fimbo ikagonga zege kwenye kona ile waliyoitazama ng'ombe.

"Baba alisema mkono wa kulia," Machibya akasema.

"Alisema kweli. Ila alikupa mkono, hakukupa lango." Akamalizia soda. "Umemfunika kama choo. Sasa anakula kwa njia anayoijua."

Machibya alichukua mtaimbo na nyundo kubwa, akaanza. Sakafu ile aliichanganya kwa mikono yake na hakuibania saruji, kwa hiyo ilimtesa. Jua lilikuwa utosini. Paskazia alitoa vipande nje kwa karai bila kusema neno, jambo ambalo Machibya hakuwahi kuliona katika miaka ishirini na sita ya ndoa.

Tabaka la chini lilipopasuka, harufu ikapanda, ya maziwa mabichi yaliyotoka kukamuliwa. Udongo ulikuwa mweupe. Aliugusa, ulikuwa umelowa na una joto la mwili.

"Usiendelee," Kashindye akasema. "Mlete mtoto."

Machibya akambeba ndama, mwepesi kama gunia tupu, akamlaza kando ya shimo. Ndama akanyoosha shingo. Akatia mdomo kwenye udongo ule akaanza kunyonya, mkia unatikisika. Wote watatu walimtazama. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyelia. Kashindye alisema tu, "Haya, baba, huyu ni wangu," akaenda kukaa kivulini kungoja pikipiki ya kumrudisha Usagara.

Kesho yake wale ng'ombe wengine walitoa maziwa tena, na Limi naye alishusha, chuchu tatu. Ya nne haikutoa kitu, na haijatoa hadi leo. Machibya alizungushia kona ile mawe, akaliacha zege na tundu lake. Kila alfajiri hukamua chuchu tatu za Limi, kisha hukaa kwenye kigoda akingoja. Kibuyu kikikaribia kujaa sauti hupanda, inakuwa nyembamba, halafu kimya. Ndipo anafungua mlango. Wateja wakilalamika kuchelewa, Paskazia huwaambia kuna mteja wa kwanza, hapangi foleni.

Ndama alikua. Mvua za vuli zilipoanza alikuwa anaruka boma.

Asubuhi moja ya mvua hizo Machibya alikaa kwenye kigoda akisikiliza. Sauti ya babu yake ilianza kama kawaida, nzito, bila haraka. Kisha ikaingia ya pili kando yake, nyepesi, ya harakaharaka, kama anavyokamua msichana anayetaka kumaliza kazi akacheze. Vibuyu viwili.

Simu ilianza kulia ndani ya nyumba. Kabla Paskazia hajaifikia, Machibya alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Andaa nguo," akamwambia. "Tunakwenda Usagara."