Uso wa Adunola

Dada yangu Adunola alizaliwa na uso wa mafuta. Simsengenyi, yeye mwenyewe angekwambia. Tulipokuwa shule ya msingi hapa Osogbo watoto walimwita Sufuria ya Akara, na kwa kuwa mama yetu alikuwa kweli akikaanga akara, zile bajia za kunde, kando ya barabara, jina likamganda. Alinawa kwa sabuni asubuhi, mchana na jioni, akasugua mpaka mashavu yakamwasha, na kadiri alivyosugua ndivyo paji la uso lilivyozidi kumeta. Mimi nilicheka pamoja na wengine. Ngozi yangu ni kavu, nikaona hiyo ni sifa.

Labda ndiyo sababu nikawa mpambaji wa maharusi. Nilikaa Lagos miaka miwili kwa Madam Sikemi, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyeamini kwamba duniani kuna maadui wawili tu, jasho na mama mkwe. Alinifundisha kwamba ngozi ya mafuta haisuguliwi kwa hasira, maana hujibu kwa kutoa mafuta zaidi. Unainawisha taratibu, unaipa krimu nyepesi isije ikadhani imekauka, kisha unapaka utando mwembamba wa ile dawa nyeupe ya kiungulia inayouzwa kwenye chupa ya buluu. Ndiyo, dawa ya tumbo. Nusu ya maharusi wa nchi hii wamepigwa picha juu ya dawa ya tumbo. Ikikauka ndipo unaanza rangi, kidogo kidogo, na poda unaikandamiza kwa sponji, huipangusi. Mafuta yakichomoza baadaye, unayanyonya kwanza kwa karatasi laini ndipo unaongeza poda. Ukimwaga poda juu ya mafuta umekoroga uji.

Baba yetu naye alikuwa mtu wa mafuta, ila ya namna yake. Alikuwa seremala, na Jumapili alivaa kanzu nyeupe akaenda kanisani miguu mitupu, kama wenzake wote wa kanisa lao. Mtoto wake akisafiri, au akienda kufanya mtihani, Baba alifunga siku tatu, akayaombea mafuta ya zeituni kwenye kichupa kidogo, kisha akamchora mtoto msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Hakuwa mtu wa maneno. Hakutwambia hata siku moja kwamba anatupenda, na sijui kama angejua aanzie wapi. Kile kidole ndicho kilichosema kwa niaba yake. Siku niliyoondoka kwenda Lagos alinipaka, nami nikajifuta kwa kiganja kabla basi halijatoka stendi, kwa sababu kwenye kiti cha kando yangu alikaa kijana mmoja mtanashati. Sijui hata jina lake.

Adunola aliolewa mwezi wa Aprili, wakati Osogbo inachemka ikingoja mvua. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mambo ya wanawake yalisimamiwa na Shangazi Mosun, dada yake Baba. Bwana harusi, Kolapo, ni mtu mtulivu. Dada yangu hakumwogopa yeye wala ndugu zake. Aliogopa picha.

"Abeke," aliniambia wiki nzima, "wale wa shule watakuja wote. Nisaidie nisimete. Siku hiyo moja tu."

"Dada, tulia. Hata nzi akitua usoni kwako hatateleza."

Nilianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, feni mbili zikimpulizia, jenereta ikikohoa nyuma ya nyumba. Nilipaka, nikangoja, nikanyonya, nikapaka tena. Shangazi Mosun alikuja akachungulia juu ya bega langu.

"Wewe Abeke, unampamba dada yako au unapiga ukuta plasta?"

"Shangazi, subiri kidogo. Utanipigia magoti nikupake na wewe."

"Mimi? Makunyanzi haya nimeyatafuta kwa jasho langu, usiniguse!"

Baada ya saa mbili na nusu niliweka sponji chini. Nitajisifu, maana hakuna mwingine wa kunisifu: haikuwa imebaki hata chembe ya kung'aa. Uso ulitulia kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, na juu yake gele, kile kilemba kikubwa cha maharusi, la rangi ya divai limesimama kama tausi. Adunola alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyewahi kuitwa Sufuria ya Akara, na mimi nikavimba kichwa.

Ngoma zilikuwa zimeshaanza kumwita uani, na mpiga picha amesimama mlangoni na taa yake, ndipo Baba alipoingia. Alivaa joho lake jipya la agbada, midomo imemkauka. Chakula kilikuwa kimejaa nyumba nzima, wali wa jolofu unanukia mpaka mtaa wa pili, na yeye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu Jumatano. Adunola akapiga magoti. Baba akafungua kichupa, akalowesha kidole gumba.

Mimi nikaruka katikati.

"Baba, ngoja! Usimguse uso!"

Mkono ukasimama hewani. "Tone moja tu, mwanangu."

"Hilo tone moja ndilo linaloharibu. Likishaingia, rangi inafunguka, inashuka mpaka shingoni. Mpake mkononi."

"Mkononi?" Aliniuliza kama fundi aliyeambiwa apachike mlango darini.

"Abeke," Shangazi Mosun alisema, na safari hii hakuwa anatania, "mwache mtu na mwanawe. Poda iko nyingi sokoni."

"Shangazi, nyinyi hamuijui kazi hii. Picha kwanza, Baba. Picha kwanza! Jioni akinawa, mpake chupa nzima."

Mmoja wa wasimamizi wa bibi harusi akacheka. Baba hakunitazama mimi. Alimtazama Adunola, akangoja. Na dada yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia kitu, akatupa jicho kwenye kioo.

"Jioni, Baba," alisema polepole.

"Haya," akajibu Baba.

Akajifuta kidole kwa leso, taratibu sana, asije akadondosha mafuta mahali pasipotakiwa. Kisha akaweka mikono nyuma.

Hiyo jioni haikufika. Alasiri watu wa Kolapo walikuja kumchukua mke wao kwa nyimbo, na baba wa bibi harusi hafuatani na msafara. Kule ndiko Adunola alikooshwa miguu mlangoni, kama ilivyo mila, na kule ndiko alikonawa uso, kwa mikono ya watu ambao hata mafuta hayo hawakuwa na habari nayo. Ningeweza kukumbuka. Ningeweza kumwambia mpiga ngoma anyamaze dakika tano. Nilikuwa napigiwa simu na wateja.

Maana picha zilisambaa siku ileile. Mabinti walikuja wakinionyesha dada yangu kwenye simu zao, "Anti, nataka uso kama huu," mpaka nikawa nawakataa. Ilinichukua karibu mwaka kuona kitu kingine katika picha zile. Baba yumo katika picha kumi na nne, na katika zote kumi na nne ameweka mikono nyuma, kama mgeni katika duka la vyombo vya kioo.

Na hakumpaka mtu mafuta tena. Nilipokwenda Abuja kwenye harusi ya wakubwa, aliniaga akiwa mlangoni, "Safari njema," basi. Nilijiambia ni uzee. Huo ni uongo, nilijua. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili, Baba, nipake, na nilikuwa nayo mdomoni kila safari. Lakini kuomba kungekuwa kukiri, na mimi nilikuwa bado nimevimba kile kichwa.

Mwaka jana Baba akapata kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Nikamhamishia kwangu. Namwogesha, namlisha, nampaka mafuta ya ngozi kila asubuhi, uso wake na mikono yake, na hanikatazi.

Mwezi huu Kolapo amepata kazi Kanada, na wanahamia huko wote. Jumanne Adunola alikuja kuaga. Nilipofungua mlango nilishtuka, maana mtu ambaye haendi hata kununua nyanya bila poda alikuwa amesimama pale na uso mtupu, jasho linamtiririka. Mkononi alishika kichupa. Alikuwa amepita kanisani kwa Baba, wakamwombea yale mafuta.

Sote wawili tulijua kwamba akirudi pengine hatamkuta. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, naenda mbali. Nipake."

Macho ya Baba yakamtua usoni, yakakaa. Niliuinua mkono wake wa kulia, mzito kama gogo, nikakilowesha kidole gumba, nikausogeza taratibu. Ulikuwa umebaki upana wa vidole viwili. Ghafla mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaja ukakamata kifundo cha ule wa kulia, ukauvuta nyuma.

"A-a," alisema. "Picha."

Hatukuelewa.

"Picha... kwanza."

Nikauachia ule mkono. Adunola akajifuta shavu kwa kiganja, akamwonyesha kile kiganja. "Hakuna picha, Baba. Tazama, sijapaka kitu. Ni jasho tu. Ni uso wangu tu huu."

Baba akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu asiyetaka kuharibu kazi ya mwenzake. Akauchukua ule mkono wake mgonjwa, akauficha chini ya paja.

Nikapiga magoti kando ya dada yangu. "Baba, mimi ndiye niliyekosea siku ile. Mguse. Nakuomba, mguse."

Alinitazama. Kisha akautazama uso wa Adunola, umelowa machozi na jasho, unameta wote kuanzia paji hadi kidevuni, akautazama kwa muda mrefu. Akanigusa bega kwa mkono wa kushoto, akanipigapiga.

"Kazi nzuri, Abeke," alisema, na hayo ndiyo maneno yaliyonyooka kuliko yote aliyoyasema tangu augue.

Alhamisi Adunola alipanda ndege bila kupakwa.