Dohani Iliyogoma

Mama alifariki Jumanne asubuhi, kaka yangu akiwa wodi ya mapafu na mrija wa oksijeni puani. Daktari alituomba tusimwambie kwanza, kwa hiyo tulimzika mama bila yeye. Nilikiacha chumba cha mama kama kilivyokuwa, kitanda kimetandikwa, miwani juu ya redio, nikafunga mlango na ufunguo nikautia mkobani. Kaka aliambiwa siku ya tisa. Aligeukia ukutani.

Alilazwa miezi mitano. Alitoka amepona lakini amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Daktari alimwonya: "Fanya kazi yoyote, ila moshi usikukaribie. Ukiugua tena, huenda tusikuwahi."

Kaka alikuwa amechoma nyama miaka kumi na minne kwenye mabaa ya watu. Wiki ya pili nyumbani akatangaza kwamba atafungua mkahawa wa nyama choma, tena hapo hapo sebuleni kwetu.

"Daktari hukumsikia?" nilimuuliza.

"Nilimsikia. Moshi usinikaribie. Basi tutautoa nje."

Alimwita fundi wa matofali ajenge jiko na dohani ya kutolea moshi, mzee mmoja mwenye mdomo lakini mkono wake mzuri. Fundi alipima pembe ya jiko, akaonyesha mlango wa chumba cha mama, hatua mbili kutoka hapo.

"Huu uwe wazi moto ukiwaka, na dirisha la humo chumbani pia. Hewa ipite."

"Chumba hicho hakifunguliwi," nilisema.

Kaka alinitazama kidogo. "Fundi, jenga hivyo hivyo."

Dohani ilimalizika baada ya wiki tatu. Siku ya kuijaribu, kaka alijifunga aproni, akapanga mbavu za mbuzi juu ya wavu, akawasha. Moshi ulipanda mpaka mdomo wa dohani, ukasita, ukarudi ndani. Tukafungua mlango wa mbele. Upepo wa barabarani ukaingia kwa nguvu na kuutawanya sebule nzima.

"Fundi, hii ni dohani au umenijengea sanamu?" kaka alisema huku akicheka.

Kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kile kile cha wodini.

"Toka nje, kaka!"

"Nyama itaungua."

"Iungue!"

Fundi alimkokota hadi uani, akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Ikishindikana naacha, mdogo wangu," alisema alipoweza kusema. "Nitaomba kazi ya ulinzi. Nishike rungu, nisinzie."

Hakuna aliyecheka. Nilijua hakuna kazi nyingine anayoipenda.

Fundi hakunilaumu. Alikung'uta vumbi magotini, akasema taratibu, "Dada, mlango wa mbele ukifungwa, moto unakosa hewa. Ukifunguliwa, upepo unauchezea moshi. Hewa iliyotulia iko upande ule tu."

Nikaenda kuchukua mkoba.

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya mafuta ya mama ya nywele. Komeo la dirisha lilikuwa limeshika kutu. Nililigonga kwa kiatu mara nne ndipo likaachia. Nikaacha mlango wazi nyuma yangu, nikaenda kuufunga ule wa mbele. Hewa ilinipita miguuni, na kule jikoni moto ukaanza kuvuma.

"Unatoka juu!" fundi alipiga kelele uani. "Jamani, unatoka juu!"

Kaka aliingia, akasimama mbele ya jiko. Alivuta pumzi kidogo, kisha kubwa. Nilisubiri kikohozi. Hakikuja.

"Mbavu zimekuwa mkaa," alisema. "Hizi ni za fundi."

"Lete," fundi akajibu kutoka dirishani. "Meno ninayo."

Nilirudi chumbani, nikakaa kitandani kwa mama nikalia, na ilikuwa raha kulia. Kaka alinisikia lakini hakuja. Aliweka nyama nyingine motoni.

Chumba kile sasa kina meza tatu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kaka huenda kupimwa kifua, na siku hiyo tunafunga. Siku nyingine zote tunafungua saa tano asubuhi, na anayechoma ni yeye.